Mgonjwa kakatwa mguu, unamsaidiaje aizoee hali mpya? Modeli ya Roy inavyotumika wodini kweli kweli

Miaka yangu ya mwanzo kazini kuna sentensi nilikuwa naiandika sana kwenye mafaili, "mgonjwa hashirikiani". Hali chakula, hashirikiani. Hataki kugeuzwa, hashirikiani. Na kwenye kupokezana zamu nasema hivo hivo, mwenzangu anaitikia, zamu inaendelea. Leo hii mwanafunzi akiniandikia hivo namrudishia faili, kwa sababu hiyo sentensi haisemi chochote kuhusu mgonjwa, inasema tu kwamba sisi tumechoka kumtafuta ana nini.

Kilichonibadilisha ni nadharia ambayo chuoni niliikariri ili nifaulu mtihani halafu nikaiacha huko huko. Modeli ya adaptesheni ya Sista Callista Roy. Najua wengi mkisikia neno nadharia mnaona ni mambo ya darasani, ya kuchora mishale na maboksi, lakini hii ukiishika vizuri inakuwa kama tochi, unajua pa kumulika. Nitaielezea kwa mgonjwa mmoja wa sukari aliyekatwa mguu, maana hapo ndio inaonekana vizuri zaidi, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Nawaandikia manesi wenzangu, wanafunzi, na pia ndugu mnaouguza nyumbani, kwa sababu nusu ya hii kazi inafanyika nyumbani tukishampa mtu ruhusa.

Kwanza huyu Roy ni nani. Ni mtawa wa Kimarekani, kazaliwa Los Angeles mwaka 1939, kwa hiyo ni sista kwa maana zote mbili. Alikuwa nesi wa watoto na akaona jinsi watoto wanavyoweza kuinuka na kuendelea mwili au maisha yao yakibadilika ghafla. Alipokwenda kusoma shahada ya pili chuo kikuu cha UCLA mwalimu wake Dorothy Johnson akawabana waseme hasa kazi ya nesi ni nini, tofauti na ya daktari, na ndio mwaka 1964 akaanza kuijenga hii modeli, ikachapishwa mara ya kwanza 1970. Jibu lake kwa ufupi ni hili: daktari anashughulika na ugonjwa, nesi anamsaidia mtu aendane na mabadiliko ambayo ugonjwa umeyaleta. Na mtu haendani na mabadiliko kwa kuambiwa "zoea". Anaendana pale vitu vinavyomkandamiza vikipunguzwa na vinavyomshika mkono vikiongezwa. Hivyo vitu Roy anaviita vichocheo, na kuvishughulikia ndio kazi yetu yenyewe.

Hatua ya kwanza, angalia tabia, na uangalie sehemu zote nne

Mzee wetu alikuwa fundi cherehani, miaka sitini na kitu, kidonda cha kisukari kilianzia kwenye kidole akakitibu nyumbani mpaka kikaoza, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Siku ya tatu baada ya operesheni kidonda kilikuwa safi kabisa, joto la mwili kawaida, daktari kapita karidhika. Lakini mzee hali. Maji hanywi. Kila tukifungua dresingi anageuzia uso ukutani.

Roy anasema mtu anaonyesha kuzoea au kutozoea katika sehemu nne, na wewe ukague zote, usiishie kwenye ile unayoipenda.

Ya kwanza ni mwili. Hii tunaijua sote, kula, kunywa, choo, usingizi, maumivu, sukari, ngozi. Sitakaa hapo.

Ya pili ni jinsi anavyojiona. Hapa usimuulize mtu "unajisikiaje kuhusu mwili wako", huyo ni mzee wa pwani, hatakujibu. Angalia anafanya nini. Anauangalia mguu? Anaufunika na shuka hata kukiwa na joto? Anausema vipi? Huyu alikuwa anasema "hiki kitu". Na imani yake pia inaingia hapa hapa. Kumbe tangu akatwe alikuwa hajaswali, anaona hana tohara na hicho kidonda na bandeji.

Ya tatu ni majukumu, yaani yeye ni nani kwa watu. Baba, fundi, mtu wa kuulizwa kabla ya mahari kupokelewa. Uliza swali moja tu: "Baba, ukiwa nyumbani siku yako inakwendaje kuanzia asubuhi?" Kisha kaa kimya umsikilize. Huyu alinielezea siku nzima hadi alipofika kwenye kukalia cherehani, akanyamaza, mguu wake wa kushoto ukawa unakanyaga chini taratibu, unakanyaga unaachia, unakanyaga unaachia. Cherehani yake ilikuwa ile ya pedali ya chini. Hakusema neno na mimi sikusema, lakini nikaandika.

Ya nne ni mategemeano, nani anampa na yeye anampa nani. Hii ndio inasahaulika kuliko zote na kwa maoni yangu ndio inayoamua mgonjwa atakwenda vipi akifika nyumbani. Usiandike tu "ana ndugu wanaomtembelea". Andika ni nani anakuja saa ngapi na anafanya nini.

Hatua ya pili, tafuta kinachoisukuma hiyo tabia

Hapa ndipo modeli inapolipa. Kwa kila tabia ulioandika, jiulize inasukumwa na nini, na Roy anagawa visukumo hivyo mafungu matatu. Kuna kichocheo kikuu, kile kinachomgonga sasa hivi usoni. Kuna vya mazingira, vilivyopo pale pale vinaongeza au kupunguza uzito. Na kuna vya chini kwa chini, imani, mambo ya zamani, hofu, ambavyo huna uhakika navyo hadi uvichunguze.

Nichukue hilo la maji. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, midomo imekauka, tumemhimiza anywe mpaka tumechoka. Nikaangalia karatasi ya maji naona asubuhi anakunywa, jioni anakunywa, kuanzia saa nne mpaka saa kumi hamna kitu. Nikakaa kuangalia hayo masaa yana nini. Mchana anayekuja kumuuguza ni mke wa mwanawe! Mkwewe kabisa. Mzee akinywa maji atataka chupa ya mkojo, na wa kumshikia chupa ni mkwewe, basi bora kiu. Hakuwa anakataa maji, alikuwa analinda heshima yake na ya yule binti. Tulichofanya hakikugharimu hata shilingi, tuliongea na familia wakabadilishana zamu, mdogo wake mzee akaja mchana, na tukamwekea chupa mahali mkono wake unafika mwenyewe. Kesho yake mkojo ukawa umeanza kung'aa. Sasa mngenipa lita ngapi za dripu nitibu aibu?

La kula lilikuwa zito zaidi na nakiri nilichelewa. Saa kumi usiku nilipita na tochi nikamkuta analowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, kupima sukari ya damu imeshuka hadi 2.9 mmol/L. Alichomwa insulini ya jioni na chakula hakula, na sisi kwenye zamu tuliambiana "kala kidogo". Hilo jasho na hayo mapigo ya moyo ndio Roy anaita reguleta, ni mwili wenyewe kupitia neva na homoni unapambana kujirudisha sawa bila kuulizwa. Upande wa pili kuna kogneta, akili, namna mtu anavyopokea jambo, anavyojifunza, anavyoamua, anavyobeba hisia. Mwili wa mzee ulikuwa unapigana. Akili yake ilikuwa imekwama mahali.

Alikuwa na fahamu zake na anameza vizuri kwa hiyo nikamkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nikakaa naye kusubiri dakika 15 nipime tena. Ni katika kusubiri huko, wodi nzima imelala, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sista, mguu wangu mliutupa?"

Siku tatu zote hilo ndilo lililokuwa kooni kwake. Kwetu huku kiungo cha mtu kinazikwa, hakitupwi kama taka, na yeye alikuwa amelala pale akiwaza kipande cha mwili wake kipo jalalani au kimeliwa na mbwa, halafu sisi tunamletea wali maharage. Nikampima, imepanda 5.2, nikampa mkate na chai, akala nusu. Asubuhi nikaenda kuulizia tiyeta, chumba cha operesheni. Mtoto wake mkubwa alishausaini na kuuchukua siku ile ile, wakauzika kwenye makaburi ya kwao. Hawakumwambia baba yao kwa kuogopa watamuumiza.

Nikamwita yule kijana nje nikamwambia mwanangu, huku kunyamaza kwenu ndiko kunakomuumiza. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwelezea baba yake mguu wameuzika karibu na nani, nani alikuwepo, walisoma nini. Mzee akauliza, "Mliufunika kwa nini?" Akaambiwa sanda. Akaitikia kwa kichwa. Mchana huo akala. Siwaambii huzuni iliisha, aliendelea kulia usiku kwa muda, lakini sasa alikuwa analia anakula.

Hatua ya tatu na ya nne, andika tatizo pamoja na chanzo, kisha weka lengo la kupimika

Hizi nazipitia haraka maana ukifanya mbili za mwanzo vizuri hizi zinajiandika. Usiandike "hashirikiani". Andika tabia na kichocheo chake kwenye sentensi moja: "Hanywi maji mchana kwa sababu anaona aibu kuhudumiwa na mkwewe." Anayekuja zamu ya usiku akisoma hivo anajua cha kufanya. Lengo nalo liwe na tabia, kiasi na muda. "Ndani ya siku mbili atamaliza angalau nusu ya mlo wa mchana." "Kabla ya kuruhusiwa atauangalia mguu wakati wa dresingi na kujifunga bandeji mwenyewe mara moja." Na mshirikishe mgonjwa kulipanga hilo lengo, lisiwe la kwako peke yako. Mzee nilimuuliza unataka kufika wapi, akasema anataka aingie msikitini kwa miguu yake siku ya Ijumaa. Basi hilo likawa lengo kubwa na mengine yote tukayapanga kama ngazi za kulifikia.

Hatua ya tano, hangaika na vichocheo, sio na mgonjwa

Kichocheo unaweza kukiondoa, kukipunguza, kukiongeza au kukibadilisha, kutegemea kinamfanyia nini. Nawapa vitu nilivyofanya kweli kwa wagonjwa wa aina hii.

Maumivu ya mguu usiokuwepo. Wengi sana wanayapata, anakwambia kidole gumba kinawaka moto na kidole hakipo. Mwambie mapema, ikiwezekana kabla hajakatwa, kwamba hayo ni maumivu ya kweli, ubongo bado una ramani ya ule mguu, na wala hajarukwa na akili wala hajachezewa na mtu. Nimeona watu wakipelekwa kwa mganga kwa ajili ya hili. Daktari ana dawa za maumivu ya neva, mwambie aandike. Pia kuna mazoezi ya kioo, unasimamisha kioo katikati ya miguu, mgonjwa anaangalia mguu mzima kwenye kioo huku anauchezesha taratibu, ubongo unaona kama miguu yote miwili ipo, na kwa baadhi ya watu maumivu yanapungua. Kioo cha kabati tu kinatosha.

Kigutu chenyewe. Ndugu wanapenda kuweka mto chini ya goti kwa huruma, msiweke, goti litakunja na kukakamaa hivo hivo na mguu wa bandia hautavalika. Goti linyooke. Akiweza alale kifudifudi dakika 20 hivi mara kadhaa kwa siku ili nyonga isijikunje. Bandeji ifungwe kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi mwishoni mwa kigutu na ilegee kadri inavyopanda, maana ukikaza juu kama unafunga gunia uvimbe unabaki chini na damu haipiti. Ifunguliwe na kufungwa upya mara tatu nne kwa siku.

Kuuangalia. Huu usiulazimishe. Nilianza kwa kumwomba mzee anishikie tu mkasi wakati nafunga, siku ya pili anishikie rola ya bandeji, siku ya tatu aniambie kama nimekaza sana. Hapo ilibidi aangalie! Yeye ni fundi, mikono yake inajua kitambaa kikivutwa sana kinakuwaje, akanikosoa, akaichukua bandeji akaifunga mwenyewe, na akaifunga vizuri kuliko mimi. Ule uso ulioelekea ukutani siku zote ukawa umeinama kwenye kazi. Ukitafuta ustadi ambao mtu anao tayari na ukaupitishia hapo, umeongeza kichocheo kinachomsaidia, na hicho hakuna duka la dawa linalokiuza.

Swala. Mimi sio wa kumfundisha mtu dini yake, nikamwomba mwanawe amlete imamu wao. Akaja, akamwelezea kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji, na kuswali umekaa au hata umelala. Kwa mgonjwa Mkristo ningemwita padri au mchungaji kwa namna hiyo hiyo. Andika kwenye mpango wa uuguzi kama unavyoandika antibayotiki, kwa sababu inafanya kazi.

Cherehani. Tulimwita mwanawe na tukapanga akiwa bado wodini, sio akifika nyumbani aikute imefunikwa shuka kama maiti. Njia zilikuwa mbili, kujifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake ukiwekwa katikati ya pedali, au kufunga mota ndogo. Mota mzee akaikataa, umeme unakatika kwao mara kwa mara. Akachagua mguu wa kushoto. Basi, ni maamuzi yake na yeye ndiye anayeijua mashine yake.

Mguu uliobaki. Nalisema hili kwa herufi za moyoni, aliyekatwa mguu mmoja kwa sukari yuko kwenye hatari kubwa ya kuupoteza na wa pili. Kila siku auangalie au aangaliwe, unyayo, visigino, katikati ya vidole, kama haoni vizuri aweke kioo chini. Asitembee peku hata ndani. Maji ya kuoshea yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, maana mguu wake hausikii moto. Mafuta ya kupaka yasikae katikati ya vidole. Na insulini kama hamna friji, chupa anayotumia ikae kwenye chungu chenye mchanga mbichi au mtungi wa maji ndani ya mfuko usiopitisha maji, kivulini, na isigandishwe kamwe.

Kwa mguu wa bandia ulizieni mapema wapi mtapelekwa, zipo karakana za hospitali kubwa kama Muhimbili, CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi, lakini kidonda kipone na uvimbe ushuke kwanza, na nauli na gharama muanze kuzipanga mapema maana hapo ndipo familia nyingi zinakwama.

Hatua ya sita, rudi kwenye tabia

Kutathmini maana yake usiulize "tulifanya?", uliza "tabia imebadilika?". Tulimshauri anywe maji, haya, mkojo una rangi gani leo? Tulimfundisha bandeji, nionyeshe. Kama tabia haijabadilika basi kichocheo ulichokishika sicho, rudi hatua ya pili bila kumlaumu mgonjwa wala kujilaumu mwenyewe.

Na mnaouguza nyumbani, ninyi hamhitaji hayo majina. Baba akikataa kula, msianze na kumbembeleza wala kumgombeza. Jiulizeni tangu lini, saa ngapi, mbele ya nani, na kuna jambo gani hatujamwambia.

Mwezi wa tano mzee alikuja kliniki na mguu wa bandia, kavaa suruali aliyoishona mwenyewe, mguu wa kulia kaupanua kidogo chini ili upite vizuri. Ijumaa msikitini ameshakwenda mara tatu. Ila mara hii ya mwisho alirudi nusu njia, na nyumbani wameanza kusema mzee kashakuwa mvivu wa kutembea. Nikamwomba akae, nikamvua ule mguu, nikavua na soksi. Kwenye ncha ya mfupa kuna alama nyekundu, saizi ya shilingi mia, ngozi bado haijapasuka. Kigutu kimepungua unene kama inavyotokea, kwa hiyo kikombe cha mguu kimekuwa kikubwa, anazama ndani na mfupa unagonga chini. Nikamwambia apumzike kuuvaa mpaka wekundu uishe, nikamwandikia arudi kwa mafundi wamrekebishie, na nikamwonyesha namna ya kuongeza soksi ya pili. Akaishika ile soksi, akaivuta huku na huku kwa vidole, akasema kitambaa chake kinalegea haraka, atatafuta cha kushona mwenyewe.

Nikamwambia ashone asiweke mshono pale mwishoni. Akasema, "Sista, hilo nalijua."